Mbao Mia Mbili na Kumi na Nne

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na watoto wako wote wawili. Mimi huku sijambo, baridi tu ndiyo inayonitafuta magotini. Mwambie Kisigino mjomba wake anamsalimu, na zile penseli za rangi ninazo, natafuta mtu wa kumpa aje nazo. Mwambie pia apunguze kukanyaga. Mtoto wa miaka saba anatembea kama anagongelea misumari! Jina hilo nilimpa mimi na bado sijaona sababu ya kulibadilisha. Na Kibonge je, bado anatambaa au ameshasimama? Hukuniambia.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini kuandika. Fundi bomba aliyekuja hapo kwenye nyumba yangu mnayokaa kurekebisha mfereji wa jikoni amenitumia karatasi ya kazi yake. Chini kabisa, baada ya mambo ya koki na mipira, ameongeza mstari mmoja: "Sakafu nzuri sana, ila imeanza kuchubuka kuanzia mlango wa chumba mpaka jikoni." Huyo ni fundi bomba. Kazi yake ni kuangalia mabomba. Ukiona mpaka yeye ameona, ujue mwenye macho ya sakafu angelia.

Unajua ile sakafu imetandikwaje. Mbao 214, siku 41, likizo yangu ya kwanza baada ya miaka tisa. Nilianza kwa kubeba saruji nikiwa na miaka kumi na mitano, hakuna aliyenishika mkono kunifundisha, kazi nimeiiba kwa macho. Mpaka leo nimetandika sakafu 312 za watu. Kuna nyumba, nikimaliza tu, kabla sijakusanya vifaa vyangu, mwenyewe ananiambia nivue viatu nisimchafulie. Sakafu ambayo nimetoka kuipigia magoti wiki mbili! Nilivua. Lakini nilisema moyoni, iko siku na wengine watavua kwangu.

Ndiyo maana nilipokupa funguo, isipokuwa ule wa chumba changu, nilikupa na masharti, na naona nirudie. Viatu vinaishia mlangoni, watoto wavae soksi ndani. Nta mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumamosi, na usugue mpaka taa ya dari uione ndani ya ubao. Miguu ya viti iwe na kitambaa kizito chini yake. Mbwa makazi yake ni nje. Mambo manne tu, sikukuomba la tano.

Kuna mtu na mke wake wanaitaka ile nyumba. Hawana mtoto wala mnyama. Wamesubiri jibu langu tangu Desemba na bado sijawajibu, kwa sababu wewe ni damu yangu. Nataka kujua kutoka kwako: ni nini kinachoikwaruza sakafu yangu? Ukiniambia, tutatafuta dawa. Nikiona mambo hayaeleweki, ikifika mwisho wa mwezi wa sita itabidi mtafute pengine, na usije ukaninunia.

Ni mimi kaka yako.


27 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako imefika tarehe kumi na tisa. Sisi ni wazima, cherehani nayo ni nzima, ninashona sare za shule mpaka vidole vimeota sugu. Kibonge amesimama! Anashika kiti, anatazama huku na huku kama mgeni rasmi, halafu anakaa kitako puu. Kisigino anasema salamu za mjomba zimefika na anazisubiri penseli. Siku hizi ametulia sana, ungemwona ungeshangaa.

Hizo alama ni za Mkaguzi. Ndiyo, mbwa. Watoto wamempa jina hilo kwa sababu hakuna mfuko unaoingia humu asiounusa mpaka chini. Ulisema akae nje, najua. Aliingia siku za mvua akazoea, kosa ni langu. Nimeshamtoa. Nimetandika mikeka mitano, mstari mmoja, kuanzia mlango wa chumba cha watoto mpaka jikoni. Na viti nimevivalisha: miguu ishirini na minne, kila mguu na kifuko chake, nimeshona kwa mabaki ya koti la zamani. Vimekaa kama vimevaa soksi. Hata wewe na uso wako huo ungecheka.

Nta mwezi huu sijapaka. Nitakueleza.

Kaka, hao watu wawili usiwajibu kwanza. Tangu baba wa watoto aondoke na mambo yake, hapa ndipo mahali pa kwanza ninapolala bila kusikiliza mlango. Sina maneno mengine zaidi ya hayo. Nakuomba.

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Nimepata yako na nimefurahi kwa Kibonge. Viti kuvaa soksi nimecheka, nakiri. Niliwasimulia wenzangu kazini nao wakacheka. Wamenihamishia ghalani kwa sasa, napanga sampuli za mbao, nimekaa kwenye kiti kutwa nzima kama karani. Ni kwa muda tu.

Lakini barua yako ina matundu. Kisigino ametulia? Yule? Mtoto aliyekuwa akishuka kitandani majirani wanajua kumekucha? Na nta unataka kunieleza nini? Nta haielezwi, inapakwa.

Tuje kwa mbwa. Kucha zake zikatwe kila wiki ya tatu, kidogo kidogo, usifike penye damu. Ukisikia zinagonga ubao anapotembea, ujue zimezidi. Na mikeka usiiache hapo moja kwa moja: mchanga ukiingia chini yake unasaga ubao kuliko mbwa watatu. Iinue kila siku, uikung'ute nje.

Sasa kuna kazi nataka unifanyie. Una ile karatasi ya kukatia nguo, ndefu. Itandaze juu ya alama, usugue penseli kwa ubavu wake, kama watoto wanavyosugua juu ya sarafu mpaka sura itokee. Kutoka mlango wa chumba mpaka jikoni ni mbao 86, yaani mita saba na sentimita sabini na nne. Nazitaka zote. Nikiona alama kwa macho yangu nitajua dawa yake ni msasa, ni vanishi, au ni kung'oa ubao. Usinitumie maneno, nitumie karatasi.

Kaka yako.


2 Mei

Kaka, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Sare zilibanana, halafu Kibonge akaota meno mawili kwa mpigo, hakuna aliyelala humu. Penseli za rangi zimefika, aliyezileta ni muungwana kweli. Kisigino amelala nazo chini ya mto.

Karatasi ndiyo hii, nimeikunja kama nilivyoweza. Mikeka nimeiondoa, kama ulivyosema. Aliyesugua ni Kisigino mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Alikaa chini siku mbili, akahama ubao hadi ubao kwa makalio, na kila ubao ameuandikia namba. Arobaini ameiandika mara mbili, usimhesabie.

Ni mbwa, Kaka. Nilishakwambia.

Mdogo wako.


19 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwa watoto. Leo sitakuwa na salamu ndefu.

Karatasi yako nimeitandaza kwenye sakafu ya ghala, nimeitazama siku tatu, saa za chakula. Naandika nilichokiona, kisha wewe uniambie kama mimi ni mjinga.

Alama ziko mistari miwili, na kati ya mstari na mstari ni sentimita 46, hazipungui, hazizidi. Mkaguzi kifua chake hakifiki hata ishirini na tano. Mbwa akitembea kucha zake zinatawanyika kama mchele uliomwagika, hizi zimepangwa kama mishono yako. Kila alama ni mburuzo mfupi, halafu pengo, halafu mburuzo tena. Kiti hakiburuzwi hivyo. Mburuzo wa kushoto umechimba zaidi ya wa kulia, kwa hiyo huyu anauonea huruma mguu mmoja, uzito wake anaubebesha mkono wa upande huo. Za zamani mapengo yake ni sentimita 14, na kingo zake zimeshalainika. Za karibuni ni sentimita 22, na kingo bado kali. Katikati ya za zamani na za karibuni kuna siku ambazo hakuna aliyepita kabisa.

Hiyo ni fremu ya chuma ya kutembelea. Nimefanya kazi kwenye nyumba ya wagonjwa nikawang'olea mbao zilizochimbwa hivyo hivyo.

Na ubao wa 31 una kidonda chake peke yake, nusu duara, kama ukingo wa kikombe kilichoangushwa kwa nguvu.

Nani anatembelea fremu ndani ya nyumba yangu? Ni wewe? Kama ni wewe, umeumwa lini na kwa nini mimi nijue kwa penseli? Na kama si wewe, sitaki kuliandika jina ninalolifikiria. Barua mbili umenidanganya, ukamsingizia mnyama asiyeweza kujitetea. Mimi natandika sakafu, mdogo wangu. Mtu anaweza kunificha uso wake, miguu yake hawezi.

Nijibu siku hiyo hiyo utakayoipata.

Kaka yako.


3 Juni

Kaka,

Ni Kisigino.

Nakujibu siku hiyo hiyo kama ulivyotaka. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe nane Novemba. Asubuhi nilipaka nta, nikasugua mpaka nikaiona taa ndani ya ubao, nikafurahi, nikasema Kaka akija leo atakosa la kusema. Mchana Mkaguzi akabweka mlangoni. Kisigino alikuwa chumbani na kikombe chake cha bati, akatoka mbio kwenda kuona nani amekuja. Alikuwa na soksi. Nilikuwa kwenye cherehani, nikasikia visigino vitatu. Cha nne sikukisikia.

Mfupa wa paja ulivunjika karibu na nyonga. Nilimkuta amelala ubavu, shavu liko chini, hata halii. Kikombe kilikuwa kimejipigiza pale ubao wa 31. Neno lake la kwanza, Kaka, na nimeishi nalo tangu siku hiyo: "Mama, nimekwaruza ya Mjomba. Usimwambie."

Wiki sita alilala hospitali mguu umening'inizwa kwa mawe ya kupimia. Desemba tarehe ishirini tukarudi na fremu. Mama wa mazoezi ya viungo, anayekuja kila baada ya wiki tatu, akasema mtoto atembee hatua mia mbili kwa siku, humo humo ndani, asikose hata siku moja, la sivyo nyonga itakakamaa. Akatembea. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Hizo ndizo alama alizoziona fundi bomba.

Halafu barua yako ikaja.

Unapenda hesabu, basi nami nikupe yangu. Kuanzia tarehe 19 Februari hadi tarehe 10 Machi ni siku kumi na tisa. Siku hizo nilimweka mwanangu kitandani. Nilitandika mikeka, fremu ikawa inanasa kwenye kingo zake, akataka kuanguka mara mbili. Nikaona nichague kipi, mguu au nyumba. Nilimwambia, "Pumzika kidogo, mama." Hakuuliza kwa nini. Alijua. Ndiyo ule utulivu niliokuandikia, na wewe ulikuwa sahihi, ile barua ilikuwa na matundu. Mama wa mazoezi alipokuja Machi akaukunja mguu, ukagoma. Akanitazama, akasema, "Wewe unalinda nini humu ndani?" Nilishindwa kumwambia ninalinda mbao.

Siku hiyo niliiondoa mikeka, na si kwa sababu ya mchanga wako.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa utatutoa. Hilo ni la kwanza. La pili sijui kama nililipanga au lilijipanga lenyewe: soksi ni zako, Kaka, nta ni yako, na taa ndani ya ubao ni yako. Ningekwambia mtoto ameanguka ningelazimika kukwambia ameangukia wapi. Umetandika sakafu 312. Hebu niambie, ni ngapi uliziona zikiwa na watu juu yake?

Mwisho wa mwezi wa sita umekaribia. Kama ni kutuhamisha, niandikie mapema nitafute mahali pasipo na ngazi.

Mdogo wako.


20 Juni

Mdogo wangu,

Hakuna hata moja.

Nimelifikiria swali lako tangu barua ilipofika. Siku zote tulimaliza, tukafagia, tukafunga mlango, tukaondoka kabla ya watu kuhamia. Sakafu niliyoijua mimi ni ile isiyo na mtu. Uzuri wake niliupima kwa macho, tena kwa kuinama. Hata hiyo ya kwangu niliitandika, nikalala juu yake siku mbili, nikaondoka. Soksi nilizitoa wapi? Niliziona kwa wale wenye nyumba. Wao walikuwa watu wazima na walitembea polepole.

Kuna neno nimeliandika hapa mara nne na mara nne nimelikata. Utaona karatasi imechakaa mahali hapo. Acha nikwambie kazi ya kufanya, hiyo naiweza.

Nunua tapentaini, chukua vitambaa vya pamba, futa nta yote. Fungua madirisha, watoto wakae nje. Badilisha kitambaa kila mbao kumi, usije ukawa unaihamisha tu nta kutoka hapa kwenda pale. Ikishakauka siku mbili, chukua msasa namba themanini, uufunge kwenye kipande cha mbao, ukwaruze njia kutoka mlango wa chumba mpaka jikoni, upana sentimita tisini. Sugua kukatisha mistari ya mti, usiifuate. Fundi yeyote akikuona atakuambia unaharibu. Mwambie mwenye nyumba ndiye aliyekutuma. Ukipitisha kiganja kikashika kama ulimi wa paka, hapo basi, inatosha. Usipake kitu juu yake.

Ubao wa 31 usiupige msasa. Uache kama nilivyouona kwenye karatasi. Nitauona mwenyewe.

Mipira ya miguu ya fremu ibadilishwe kila wiki ya tisa, hata kama inaonekana mizima. Wa kushoto unaisha kabla ya wa kulia. Mpini uwe sawa na mfupa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanza, akiwa amesimama na mikono imening'inia. Ukizidi hapo bega linauma ifikapo jioni. Na akiamka asubuhi asisimame mara moja, akae kwanza ukingoni mwa kitanda ahesabu mpaka ishirini.

Wale mtu na mke wake nimewaambia nyumba ina wenyewe.

Uliniogopa mimi kuliko ulivyoogopea mguu wa mwanao. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba nimelisoma.

Mwambie Kisigino sikukasirika kwa kikombe. Mwambie alinipimia vizuri, na namba arobaini ya pili nimeikubali.

Kaka yako.


14 Agosti

Kaka, shikamoo.

Wazima sisi, na Kibonge sasa anatembea, tena anatafuta ugomvi na kila kitu kilicho juu ya meza. Mkaguzi tumemrudisha ndani. Kucha zake nakata kwa mkasi wa matundu ya vifungo, anakaa kimya kama mteja anayepimwa suruali.

Tapentaini ilitutia maumivu ya kichwa siku tatu. Msasa nimeupiga mwenyewe, magoti yangu yote mawili yametoka ngozi, na hapo ndipo nilipokufikiria. Siku tano zangu kwa njia ya mita saba. Wewe miaka mingapi? Jirani alichungulia akasema, "Mama, unaiua sakafu." Nikamwambia imeshajeruhi mtu, hata ikifa sawa.

Habari ya mguu sitakufichia tena. Fremu tumeirudisha tarehe mbili mwezi huu. Anatembea mwenyewe. Lakini mguu wa kushoto umebaki mfupi kwa sentimita moja na nusu, na nyonga haikunjiki kama ya kulia. Daktari anasema urefu ule ni wa mfupa ulivyounga, ila nyonga ingeweza kuwa bora zaidi. Hakusema kama ni zile siku kumi na tisa. Nilimuuliza mara mbili, mara mbili akatazama karatasi zake. Hilo ni langu, wala sitaki unisaidie kulibeba.

Fundi viatu amemtengenezea soli nene upande mmoja. Inabidi avae kutwa, mpaka ndani. Sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Anakusalimu. Alitaka kujua kama ukija utamwambia avue. Nilimwambia hapana. Akasema, "Mjomba mwenyewe aseme." Kwa hiyo hilo utamjibu wewe.

Sasa na mimi nina karatasi nimeitandaza, Kaka. Ni barua zako. Baridi magotini, hilo ulilisema Februari. Machi ukawa karani wa ghalani, umekaa kutwa nzima, kwa muda tu. Juni ukajua mpira upi unaisha kwanza, na bega linauma saa ngapi, na mtu akiamka ahesabu mpaka ngapi. Kwenye nyumba ya wagonjwa uling'oa mbao. Hawakukufundisha kukaa ukingoni mwa kitanda. Mimi ni fundi wa nguo. Mtu akinieleza mkono wa shati unapobana, najua amelivaa.

Sitakuuliza. Najua nilivyojisikia nilipokuwa nikiulizwa.

Ila msasa ulibaki, nikaona nisiutupe. Uliniambia kutoka chumbani mpaka jikoni. Nimeongeza. Nimetoka jikoni mpaka mlango wa nje, na kutoka mlango wa nje mpaka kile chumba chako ulichokifunga. Mbao 57 nyingine. Kisigino amezihesabu, safari hii hakurudia namba.

Naandika nikiwa jikoni, namsikia anakuja. Kisigino kimoja kinagonga, kingine kinafuata. Kinagonga, kinafuata. Majirani wanajua kumekucha.

Upana ni sentimita tisini njia nzima, nimepima kwa futi yangu ya kupimia nguo. Mtu mmoja na fremu yake anapita, na pembeni inabaki nafasi ya mtoto.

Mdogo wako.